Povu Jeupe Kwenye Banda la Mama

Mama hakuwahi kuuza mtetea. Majogoo aliuza, na wanunuzi wanaosomba kuku wa Singida kupeleka Dar walikuwa wanalijua lango letu pale Ilongero, lakini mtetea akikomaa alibaki bandani kutaga. Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mimi nilipoolewa nikapewa ya kwangu, ugonjwa wa kideri ukaimaliza kabla sijaizoea nyumba ya mume. Mama alipokuwa mgonjwa, akamwambia binti yangu mbele yetu sote kwamba siku yake ya kuolewa ikifika na yeye ataondoka na kuku wa bibi. Haukupita muda akafa, akaacha banda limejaa.

Baba akawachukua. Mzee ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe, asiyejua hata kuku analala saa ngapi, sasa ukimpigia simu jioni anakwambia subiri kwanza, nawafungia. Aliwatafutia mashudu ya alizeti. Alijua yupi anaatamia na yupi amesusa. Sisi watoto tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka, maana tuliona anavyosimama pale mlangoni mwa banda hata kazi ikiwa imekwisha.

Asiyeijua Singida anadhani huku ni jua tu. Aje mwezi wa saba. Upepo unavuma mchana kutwa, usiku unageuka baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, na vifaranga ndio wa kwanza kuondoka. Mwaka wa kwanza bila mama, baba alipoteza vifaranga karibu wote wa msimu ule. Alikuwa anawaokota asubuhi wamekauka chini ya mbawa za mama yao. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu mama angejua la kufanya na yeye hakujua.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeleta dawa. Ana duka la televisheni na majokofu mjini, na nyuma ya duka lake hujaa lile dude jeupe, jepesi, linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi ili isivunjike. Ndilo hilohilo linalotengenezewa visahani vyenye mfuniko vya kubebea chipsi. Sisi nyumbani tuliliita povu, na mpaka leo sina jina jingine la kulipa. Akaleta mafurushi. Baba akayakata kwa panga, akayapachika chini ya bati na kuzunguka kuta zote za banda kwa ndani, na baridi ikaisha. Vifaranga wa msimu uliofuata wakapona. Baba alinipigia simu anacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Mimi povu lile silipendi, na sikuficha. Naishi mjini, Mandewa, na kila nikifagia uwanja naokota vipande vyake ambavyo upepo umevileta kutoka kusikojulikana. Siku niliyokwenda kumsalimia baba nikakuta mdogo wangu naye yupo, nikaanza.

"Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukabeba vikapu, hakuna aliyekufa," nilisema. "Hili nalo wangelipiga marufuku tukapumzika."

"Dada, na televisheni zitafikaje? Zije vipande?" mdogo wangu akajibu. "Halafu hili si taka. Wenzetu wanalirudisha kiwandani, linatengenezwa upya."

"Kiwanda gani? Kipo wapi hapa? Nionyeshe nikupelekee la kwangu leo hii."

Baba ndiye aliyeyamaliza mabishano. Alisema, taratibu kama anavyosema kila kitu, "Mama, kinachopigwa marufuku ni kile kisicho na kazi. Mimi hiki nimekipa kazi." Baba huniita mama tangu nilipozaa. Nilimwangalia, nikaangalia vifaranga wanavyokimbizana uwanjani, nikausifu unene wao.

Mvua za kwanza zilikuwa hazijaanza wageni walipokuja kwa ajili ya binti yangu. Walikuwa watu wa Manyoni, wazee wenye adabu zao, wamekuja kutaja siku ya harusi. Kwa kuwa mume wangu ni marehemu, mambo yote yalikuwa chini ya baba, na baba akasema watachinjiwa kuku wa nyumba hii hii. Alichagua mwenyewe, majogoo wawili na mtetea mmoja aliyekwisha kuzeeka.

Kwetu firigisi haiguswi na mtu yeyote. Inawekwa juu kabisa ya bakuli, mwenye nyumba anaichukua, na kama amekuja mgeni wa heshima anampa yeye kwa mkono wake. Mgeni akifunua bakuli asiione, amekwisha kuelewa kwamba hatakiwi. Binti zetu wanajifunza hilo kabla hawajajua kusonga ugali.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa anapasua kuku. Nilikuwa nachochea kuni. Nikasikia amenyamaza, na shangazi si mtu wa kunyamaza. Nikageuka. Ameshika firigisi ya jogoo wa kwanza, ameipasua katikati, na ndani yake hakuna changarawe wala nafaka. Kuna punje nyeupe, zimeshindiliwa mpaka zimekuwa bonge, na hazijabadilika hata rangi.

Akapasua ya pili. Hivyohivyo. Ya yule mtetea ilikuwa imevimba mpaka imetanuka kuta zake, na mtetea mwenyewe, sasa ndipo tukamwona vizuri, alikuwa mifupa mitupu ndani ya manyoya.

"Nyama haina neno," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Hizi tuzitupe, tupike."

"Na mgeni tutampa nini?"

"Maini."

"Shangazi, baba ataitafuta firigisi mbele ya watu."

Wageni walikuwa wamekwisha kufika na kuketi. Nikaingia, nikapiga magoti karibu na baba, nikamwambia kwa Kinyaturu ili wasielewe. Hakuuliza mara mbili. Akainuka, akaomba radhi kwa wageni, akaja jikoni, mahali ambapo sijawahi kumwona akiingia mama alipokuwa hai. Akachukua bonge lile, akalivunja kwa vidole. Punje zikamshika mikononi. Akajaribu kuzikung'uta, zikamng'ang'ania, akaendelea kukung'uta, na mimi nikashindwa kumtazama.

"Msipike," alisema.

Angeweza kuwaambia wageni kwamba kuku walikuwa wagonjwa. Aliwaambia ilivyo. Alisimama mbele yao, mzee mwenye ng'ombe zake na jina lake, akasema kuku wa nyumba yake wamekula takataka aliyowapachikia yeye mwenyewe ukutani, na hatamlisha mtu kitu ambacho hakijui. Mkubwa wa wageni akasema, "Mzee mwenzangu, keti. Tumemfuata binti. Lete mlichonacho." Wakala ugali kwa maharage, wakataja siku, wakaaga vizuri. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Lakini baba hakula.

Kesho yake alibomoa ukuta wote wa povu. Tulipolitazama kwa karibu tuliona lilivyodonolewa, limechimbika kuanzia chini mpaka pale shingo ya kuku inapofika. Kumbe wale vifaranga waliopona baridi walianza kulidonoa siku ya kwanza waliyosimama, kwa kuwa linakatika vizuri mdomoni na lina rangi ya nafaka. Unene ule tuliousifu mimi na baba sijui ulikuwa wa nini.

Halafu ikaja kazi ya kuliondoa. Baba alichoma kipande kimoja, ukapanda moshi mweusi wa kukaba koo, na chini kikabaki kitu kama lami. Akaacha. Nikalifunga kwenye viroba, nikapanda bodaboda kurudi mjini huku viroba vinavutwa na upepo, dereva anapepesuka ananilaumu mimi, mimi namlaumu mdogo wangu. Nikafika kwa mnunuzi wa vyuma na chupa. Akaning'iniza kiroba kimoja kwenye mzani. Mshale haukusogea.

"Mama, hapa umeniletea hewa," alisema. "Nikijaza lori zima, nitapakia mchana kutwa na uzito hakuna. Nani ataninunulia?"

Nilimpigia simu mdogo wangu palepale, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Alisikiliza yote. Mwishoni alisema, "Dada, mimi nilitaka tu vifaranga wa mama wapone." Alikuwa analia. Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Afisa mifugo alipokuja kwa baba alisema jambo moja nililolielewa. Povu halisagiki. Linajaa kwenye firigisi, kuku anajiona ameshiba, anaacha kula, anakonda huku tumbo lake limejaa. Baba akauliza litatoka lini. Yule afisa alikuwa mkweli, akasema hajui kama litatoka.

Kwa hiyo tukawa tunasubiri mayai. Hilo tu. Kuku wa kula hatukuwataka tena, wala baba hakukubali kumuuzia mtu hata jogoo mmoja. Mnunuzi alipokuja alimrudisha langoni. Tulichotaka ni mayai ya kutosha kulaliwa na mtetea mmoja tu, tuyapeleke kwa jirani asiye na povu uwanjani, yaanguliwe huko, mbegu ya mama ibaki na binti yangu apate cha kuondoka nacho. Lakini kuku mwenye njaa hatagi. Baba alifagia uwanja kila asubuhi. Mvua iliponyesha, punje zikaibuka kwenye udongo, akazifagia tena. Aliwalisha uwele kwa mkono. Walidonoa kidogo, wakaacha, wakakaa wamejikunyata kivulini. Wakawa wanakufa, leo huyu, wiki ijayo yule, na baba akawa anawazika mwenyewe kwenye shimo refu, maana mbwa angewafukua.

Harusi ikafanyika, binti yangu akaondoka mikono mitupu. Nilimwambia avumilie, bibi hajamsahau, mayai yatapatikana. Alikuwa amebaki mtetea mmoja mweusi, na baba alisema ameanza kula.

Wakati wa kuvuna alizeti baba akanipigia simu, akasema njoo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mtetea mweusi amelala miguuni pake, amekufa asubuhi ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chukua kisu, mpasue," alisema. "Nataka kuona."

Sikutaka, lakini nilimpasua. Povu lilikuwa limetoka ukutani tangu kabla ya mvua, masika yote yamepita, na lile bonge lilikuwa ndani vilevile, jeupe. Nililiweka kwenye kiganja nikamwonyesha. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akageuza uso kuelekea bandani.

"Binti yako asiendelee kusubiri," alisema. "Mpigie. Mwambie bibi yake hakumwachia kitu."

"Baba, mama alimwachia."

"Najua alimwachia. Atauliza kiko wapi, utamwambia nini? Kwamba nimekimaliza mimi?"

Nikampigia palepale, simu ikiwa kwenye mkono usio na damu, nikamwambia kama babu yake alivyosema. Binti yangu hakuuliza kitu. Nilisikia analia, na mimi nikalia, na baba akaja akaichukua simu mkononi mwangu, akaishika sikioni, asiseme neno, mpaka salio lilipokwisha.