Njia ya familia ya korongoni ilivyotaka kunimalizia baba mkwe

Wakuu, marahaba kwa wote, maana sidhani kama humu kuna wa kunizidi umri.

Nimeona uzi wa vijana juzi, picha za korongo la mto kule upande wa Kibondo. Mmevaa kofia, mnajisifu mmefanya hiking. Mmoja kaandika njia ni rahisi, hata bibi yako anapita.

Basi bibi ndiye mimi. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, elimu yangu darasa la nne, simu kaninunulia mjukuu wangu muuguzi. Msinisahihishe herufi. Haya yalinipata mimi, asiyetaka kuamini apite aende uzi mwingine.

Ilikuwa miaka ya tisini. Wakimbizi wameshajaa, na mashirika yamejaa nyuma yao na magari meupe.

Mimi nimezaliwa juu ya korongo lile. Njia ya kushuka mtoni ilikuwa ya mama zetu. Tulishuka na mihogo kichwani kwenda kuivundika kwenye vidimbwi vya chini, siku tatu, nne, kisha tunapanda nayo imelowa, inanuka, inatuchuruzikia mgongoni. Hakuna aliyekuja kutupiga picha.

Wazungu wa mashirika wakaiona. Wakapaka mawe chokaa, wakasimika kibao, eti njia ya familia, hata watoto wanapita. Jumapili wanashuka na chupa za chai kuangalia maji.

Kuangalia tu. Hawachoti, hawafui.

Wakati huo nimeshaolewa Kasulu. Mume wangu Gaspari alikuwa na mdogo wake, Filbert, karani wa stoo kwenye shirika mojawapo. Stoo ya ndoo na mablanketi, lakini ungemwona anavyotembea ungedhani hayo mablanketi kayafuma yeye.

Jumapili moja akaja na gari la kazini. Anatupeleka matembezi, familia nzima, kama wenzetu walioendelea. Gaspari alikuwa Kabanga anamuuguza shangazi yake hospitalini, kwa hiyo tukaenda Filbert, baba mkwe, mama mkwe, na mimi na binti yangu mgongoni, hata mwaka hajatimiza.

Jina la baba mkwe siliandiki. Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, hamgusi, hampi kitu mkononi. Unaweka chini, unarudi nyuma, anachukua. Njiani unamwachia nafasi.

Najua mtasema ushamba. Semeni. Mimi na yule mzee tuliishi miaka sita bila neno baya kwa sababu ya nafasi hiyo, na ninyi mnaokumbatiana na wakwe zenu nasoma nyuzi zenu humu kila siku mnalia.

Sasa Filbert alimnunulia baba yake viatu kwa ajili ya safari. Vya ngozi, soli nyororo kama sahani. Mzee aliyezoea kutembea peku mpaka Manyovu na kurudi, anavalishwa viatu vya kuendea benki ili ashuke korongoni.

Na mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa na Jumamosi yote.

Nikamwambia, "Shemeji, mvua ikinyesha njia hii ya chini hatupiti. Mawe yana utelezi. Tunazungukia juu, na viatu tunavua."

"Shemeji, hii njia imepimwa na wataalamu."

"Walipima kiangazi."

"Basi waandikie barua." Akacheka peke yake.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Mwache, mwanangu. Huyu akinyamaza ataumwa."

Tukashuka mpaka pale njia inapobana. Ukuta wa jiwe upande mmoja, upande wa pili shimo, maji yananguruma chini. Filbert akarudi juu kidogo na kamera ya ofisi.

"Shemeji, sogea karibu na baba. Mshike bega. Ndivyo familia zinavyopiga picha."

"Familia za nani?"

"Acha mambo ya kijijini, sogea."

Sikusogea. Lakini mzee aliona aibu kwa ajili yangu, akarudi nyuma hatua moja ili anipe nafasi. Heshima tupu. Zile soli zikamwacha.

Akateleza kwa tumbo mpaka ukingoni, miguu inaning'inia, mikono imeshika mzizi mmoja.

Filbert akasema, "Naenda kuita watu," akapanda mbio. Mtu ambaye kila siku analalamika goti.

Nikamfungua mtoto, nikampa mama mkwe. Nikakunjua mbeleko, ncha moja nikaizungusha mkononi, nyayo nikazikaza kwenye ufa wa jiwe, ncha nyingine nikamrushia. "Data, shika." Data ni baba kwa Kiha.

Mzee akaitazama ile nguo.

Wakuu, mtu yuko juu ya maji na bado anawaza heshima. Mbeleko ya mkamwana ni nguo ya mwilini mwake, baba mkwe haishiki. Akatikisa kichwa. "Hapana, mkwe. Tumngoje Filbert alete watu."

Mama mkwe akamwambia, wala hakupandisha sauti, "Shika, mzee. Mimi siwi mjane kwa sababu ya kitambaa."

Akashika. Nikavuta. Kifua kimeshafika ukingoni, nguo ikaanza kuchanika, nikaiachia, nikamkamata mkono kwa mikono yangu miwili, nikampandisha juu ya jiwe kama gunia la mihogo. Kiatu kimoja kilikwenda na maji. Cha pili nilikitupa mimi.

Filbert alirudi na wanaume watatu na kamba. Sisi tumeshakaa, tunakung'uta matope.

Hapo mngetegemea mtu aone haya. Wapi. Kufika Kasulu akaanza kuwazungukia wajomba zake. Shemeji kamfunga baba mbeleko. Shemeji kamshika baba mwili. Nyumba imeingia mkosi, mwanamke arudishwe kwao.

Ilibidi mimi niwe na kosa, maana nisipokuwa nalo watu watauliza yeye alikuwa wapi.

Kikao kikaitwa. Gaspari karudi kutoka Kabanga, anatazama sakafu. Mzigo wangu nilishaufunga. Nilijua nikirudishwa nitarudi peke yangu, mtoto ni wa ukoo wao. Nilikaa mlangoni nimempakata, namshikashika vidole vya miguu kimoja kimoja ili nisilie mbele ya wale watu.

Filbert aliongea muda mrefu, kama anasoma risala kwa mkuu wa wilaya. Mila, desturi, mababu. Mtu wa kamera huyo huyo.

Baba mkwe alimsubiri amalize. Kisha akamuuliza, "Nilipokuwa ninaning'inia, ulikwenda wapi?"

"Kuita watu, baba."

"Ukaniacha na nani?"

"Na mama. Na shemeji."

"Kumbe hao si watu."

Filbert akasema hakumaanisha hivyo. Mzee hata hakumtazama. "Ile nguo niliishika mwenyewe, kwa mikono yangu. Anayetaka kumrudisha mtu kwao, aanze kunirudisha mimi. Na pombe ya kuisafisha nyumba utaileta wewe."

Wajomba wakakohoa, wakauliza kama kuna chakula. Mkosi ukaishia hapo.

Wiki iliyofuata mzee akatembea Manyovu, akarudi na kitenge cha Burundi, kizito, chekundu. Akakiweka juu ya kigoda pale uani, akarudi nyuma hatua zake kama kawaida. Nikaenda nikakichukua. Mpaka anakufa hatukugusana tena.

Funzo langu ni fupi. Kibao hakijui kama jana mvua imenyesha. Kabla hujawapeleka wazee na watoto mahali, muulize mwanamke anayepita hapo na mzigo kichwani. Na ukimkimbia mtu kwenye hatari, basi angalau ukifika nyumbani nyamaza.

Haya, uwanja wenu. Wakwe na wakamwana wa makabila mengine, nataka mniambie ukweli: kwenu mngeshika, au mngengoja watu?