Mbwa Aliyewakamata Wageni Wakitoka

Mbwa wa mume wangu hakumgusa mtu anayeingia. Ungepita langoni kwetu, ukaketi, ukanywa chai, ukatoa habari za kwenu mpaka jua likashuka, naye amelala kando ya ua wa mkonge kama mzee aliyeshiba. Balaa ilikuwa kutoka.

Na kwetu mgeni hatoki bure. Hata nyumba ikiwa na njaa utamtafutia viazi vitamu, ndizi, unga kidogo wa wimbi, na akiwa mkwe utamkamatia kuku. Nilikuwa bibi mpya pale Bokoli, miaka ile baada ya vita ya pili, na nilitaka nijulikane kwa mkono wazi. Basi nikawa najaza vikapu, na mbwa anawang'ata waliovibeba. Alianza na mama mmoja wa kanisa, akafuatia mwenzake, kisha baba mdogo wa mume wangu, ambaye hata hakuwa amependa zile ndizi. Maneno yakaenea. Wakasema nyumba ile inakupa kwa mkono halafu inatuma mbwa kukunyang'anya. Wengine wakasema nimemlisha nyigu, maana mtu akitaka mbwa mkali humpondea nyigu ndani ya ugali angali mdogo. Mimi nyigu nilikuwa nawakimbia kama mtu mwingine yeyote.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini akamng'ata mama yangu.

Mama alikuwa amesikia kwamba nina mimba, ya kwanza, akatoka kwake upande wa Bungoma kwa miguu kuja kunitazama. Alinishika tumbo, akanikemea kwa kubeba kuni nzito, akacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu hivyo tangu niolewe. Alipoaga nikampa kuku ndani ya kikapu. Hakufika nje ya lango. Mbwa alimkamata nyuma ya mguu, chini ya goti, akang'ang'ania.

Mume wangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na mbwa yule alimtii yeye peke yake. Lakini mwanamume wa kwetu hamkaribii mama mkwe wake, hamgusi, hata macho hawakutanishi. Sasa angemshikaje mbwa aliyeshika mguu wa mama mkwe? Alijificha nyuma ya ghala, akawa anapiga kelele kutoka huko, "Wacha! Wacha wewe!" huku mimi na tumbo langu navuta mkia. Kwa mtu mwingine ingekuwa kichekesho. Mama aliona jambo moja tu: mkwe wake amekaa nyuma ya ghala na mbwa wake anamla.

Nilimfunga jeraha kwa kitambaa. Hakulia. Aliniambia, "Mimi hapa sirudi. Ukizaa, uzae salama. Huyo mtoto nitamwona siku atakuja kwetu kwa miguu yake."

Mama yangu hakuwa mtu wa kubadilisha neno. Nikajua nitazaa, na mikono itakayomwosha mtoto wangu mara ya kwanza itakuwa ya watu wengine. Niliogopa hilo kuliko uchungu wenyewe.

Mama wa mume wangu alitoa hukumu jioni ile ile. "Hiyo mbwa iuliwe. Kwani ni mtu?" Mume wangu alimpiga mbwa kwa fimbo mpaka fimbo ikakatika, na kesho yake mbwa akamkamata muuza chumvi aliyekuwa ametoka na yai moja. Wazee wakanikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Niliwajibu kwamba huyu ni mbwa, tena mimi sijawahi kukunja samaki. Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Usiku wa kuamkia safari ya mume wangu nilimwuliza, "Huyu mbwa alifundishwa nini huko Kitale?"

Yeye alikuwa mtunza stoo huko, katika shamba la mzungu mmoja. Mzungu aliuza shamba, akarudi kwao, akamwachia mbwa, naye mume wangu akamleta nyumbani juu ya lori la mahindi, kisha akarudi kufanya kazi kwa mwenye shamba mpya. Akaniambia kwa fahari, "Hii mbwa ilikuwa askari, bana. Mtu akiingia kwa stoo, hakuna neno. Akitoka na kitu, inashika."

Niliketi kitandani. Mambo yote yakawa wazi. Mbwa yule hakujua kwamba shamba limeuzwa. Alikuwa bado yuko kazini, na mimi kila siku nilikuwa namtengenezea wezi kwa mikono yangu, nawapa vikapu, nawaelekeza langoni. Niliwafikiria pia wanawake wa Kitale waliong'atwa kwa ajili ya mahindi mawili ndani ya nguo, mahindi waliyoyapalilia wenyewe, na hasira ikanipanda. Lakini hasira hiyo haikuwa ya mbwa.

Nilianza asubuhi ile mume wangu alipoondoka. Nilikata shauri kwamba mbwa huyu hatakula tena ndani ya boma. Chakula chake kitatoka ndani ya kikapu, na kikapu kitafunguliwa nje ya lango. Nilimfunga kamba ya mkonge shingoni, nikaweka vichwa vya samaki na ugali ndani ya kikapu, nikatoka nacho. Kwangu mimi hakunguruma, nilikuwa wa nyumbani. Nje nikaweka kikapu chini, nikampa. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, mpaka nikiinua kikapu tu mkia unaanza.

Kazi ilikuwa kumpata mtu wa nje. Nani angekubali? Aliyekubali ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa ameolewa kijiji cha pili na hakuogopa kitu isipokuwa radi. Alijifunga magunia miguuni mpaka magotini. Watu wakasimama kando ya njia kumcheka. "Ati unaenda wapi na hizo gunia?"

"Naenda kulisha mkwe wenu wa miguu minne," akawajibu.

Siku ya kwanza mbwa alisimama, nywele za mgongoni juu. Nilishika kamba fupi lakini sikuvuta wala kupiga kelele, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba kelele zetu zilimwambia kuna vita. Wifi alipita polepole na kikapu, akafika nje, akatupa kichwa cha samaki. Mbwa alimtazama yeye, akatazama samaki. Akala. Tulirudia na kurudia. Akinguruma, wifi anageuka, anarudi ndani na chakula chake, na mbwa anabaki na njaa yake. Akinyamaza, lango linapitwa na samaki anapatikana. Njaa ilimfundisha upesi kuliko ile fimbo. Wifi akavua magunia, kwanza mguu mmoja, baadaye wa pili. Kisha tukaleta jirani, kisha yule mama wa kanisa wa kwanza, ambaye alikuja akiomba kwa sauti. Mwishowe nikamfungua kamba. Wasiwasi nilikuwa nao, lakini sikuuonyesha mtu, hasa mbwa.

Mume wangu aliporudi alikuta wifi anatoka na debe la mahindi kichwani na askari wake anamfuata akitikisa mkia. Uso ukamshuka.

"Umeniharibia mbwa! Sasa mwizi akikuja?"

"Mwizi akija nitamng'ata mimi," nikamwambia.

Alinitazama, akaona sitanii, akaingia ndani kutafuta chai.

Nilijifungua msichana. Nilimtuma wifi, ambaye miguu yake haikuwa na alama ya jino, kwa mama na ujumbe mmoja: mbwa yuko, hajauawa, lakini njoo. Sikutaka kumdanganya. Kwa siku kadhaa nilikaa nikisikiliza njia. Halafu asubuhi moja nikasikia sauti yake langoni ikiuliza kama kuna watu hapa au kuna mbwa tu.

Alimwosha mtoto. Alimpaka mafuta, akamnyoosha miguu, na alipolia akamwita kwa majina ya marehemu wetu moja moja, akingoja anyamaze kwa lile lililo lake. Mimi nilikuwa nalia tu, sikuficha.

Jioni nikampa kikapu, kuku ndani, na nyama kidogo juu. "Ukifika nje, mpe hii."

"Nilishe mtu alinikula?"

"Mama, mpe."

Alitoka peke yake. Alikataa nimshike mkono. Mbwa akainuka, akamfuata, na kuku akapiga mabawa ndani ya kikapu. Mama alivuka lango, akageuka, akavuta gauni juu kidogo akamwonyesha kovu. "Umeiona kazi yako?" Kisha akamtupia nyama, akajitwika kikapu, akashika njia.

Mtu anayeogopa mbwa hutembea akitazama nyuma. Nilisimama na mtoto begani, nikamtazama mama mpaka kwenye kona, na mbwa alikuwa nyuma yake bado anajilamba mdomo. Mama hakugeuka hata mara moja.