Pumzi Haiombi Ruhusa

Asubuhi moja ya ujana wangu naikumbuka kila ninapofunga mkanda, mwanangu, maana mkanda ukikaza unagusa kovu lililo ubavuni mwangu, na kovu hilo nililipata kwa ubishi. Ubishi kama huu wako. Kwa hiyo kaa chini, Espoir, mjukuu wangu, na weka hiyo simu kando. Binti yako Gloria yuko chumba cha pili, amelala juu ya kitanda changu, na hatoki humu ndani mpaka nimalize kusema na wewe uwe umesikia. Kusikia, siyo kutikisa kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeshuka Goma kutoka milima ya Masisi, nikakaa kwa mjomba wangu Sebastiani, mchinjaji wa mbuzi. Uwanja wake wa kuchinjia ulikuwa upande wa Himbi, si mbali na ziwa, pale ambapo leo kuna majumba yenye kuta ndefu na zamani kulikuwa na mawe meusi na migomba. Kule kwetu milimani nilizoea kupanda na bidoni za maziwa kichwani bila hata kutweta, basi nikajiona nina mapafu ya chuma. Kijana akipewa afya anadhani kajitengenezea mwenyewe.

Nyuma ya uwanja palikuwa na shimo pana katikati ya mawe, lenye kina cha kunipita kidogo. Mjomba alinionya tangu siku ya kwanza kwamba mule mna mazuku. Wewe unaijua mazuku, kila mtu wa Goma anaijua, lakini nitaieleza tena kama kwa mgeni, kwa kuwa inaonekana umesahau. Ni hewa nzito inayotoka chini ya ardhi hii yetu ya volkano. Haina rangi, haina moshi. Inatuama mabondeni kama maji kwenye beseni, hasa asubuhi, kabla ya jua na upepo kuitawanya. Ukisimama unaweza kuwa juu yake, ukiinama umezama. Mimi nilicheka. Nilisema hayo ni maneno ya kutishia watoto.

Sasa asubuhi hiyo beberu mmoja mwekundu, aliyenunuliwa kwa ajili ya harusi, alituponyoka na kamba yake shingoni akateremka shimoni. Akaenda hatua chache, magoti yakamlegea, akalala. Kamba ilikuwa imenasa kwenye jiwe.

Mjomba akapaza sauti: "Muiache! Iyo mbuzi imeisha kufa. Mutu asishuke!"

Lakini beberu alikuwa bado anarusha mguu, nami nilikuwa na akili nyingi, kama wewe. Nikawaza: nitajaza kifua, nitafunga mdomo, nitashuka, nitafungua kamba, nitapanda. Kuna ugumu gani? Nikashuka. Nilipokuwa nimesimama sikuona shida yoyote, ila joto kidogo miguuni. Nikainama kwenye kamba. Fundo lilikuwa gumu. Kifua kikaanza kugonga kwa ndani kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nikakiambia kingoje. Kikangoja kidogo, halafu mdomo ukafunguka wenyewe, mimi bado nimeinama. Nilivuta mara moja, labda mara mbili. Nikaona mawe yanageuka, na sikumbuki zaidi.

Yaliyobaki nilisimuliwa. Mke wa mjomba, Mama Yuliana, alitaka kushuka kunifuata. Mjomba alimkamata mkono akamwambia, "Weye ukishuka, tutazika bawili!" Akakimbilia uwanjani, akaleta ule mti mrefu wenye kulabu tunaotumia kushushia nyama iliyoning'inizwa juu. Akasimama ukingoni, mkewe amemshika kiunoni, akaitupa kulabu kwenye mkanda wangu. Mara ya kwanza ilikosa mkanda ikapata ubavu. Mara ya pili ikashika. Nikavutwa juu ya mawe kama mzoga, mwanangu, na nilipofungua macho nilitapika, kichwa kikiuma kama kimepasuka.

Unadhani mjomba alinikumbatia? Aliniacha pale pale akarudi kwenye visu vyake. Beberu tulimtoa mchana, upepo ulipovuma, tukamfukia, kwa sababu mjomba hakuuza nyama ya mnyama aliyejifia. Kesho yake alichinja mbuzi mwingine, akatoa mapafu pamoja na bomba lake la hewa, akayaosha, akanipa bomba hilo mkononi.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza. Yale mapafu yaliyokuwa yamelala kama kitambaa yakainuka, yakawa mepesi na ya rangi ya waridi. Nilipoacha, yakanywea.

"Umeona? Mapafu haina nguvu ya kujivuta yenyewe. Hapa chini iko kiwambo, hii nyama nyembamba. Ikishuka, hewa inaingia. Ikipanda, hewa inatoka. Nani anaiambia ishuke wakati umelala? Ni weye?"

Nikasema siyo mimi.

Akaendelea, akipitisha kidole. Mjomba hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini alikuwa amefungua vifua vya mbuzi miaka thelathini, na muuguzi mmoja aliyenunua nyama kwake alikuwa amemfafanulia mengine. Puani, akasema, kuna vinyweleo na kamasi za kukamata vumbi, na hewa inapashwa joto humo. Kooni kuna kidakatonge, kinachofunika njia ili chakula kisipotelee kwenye hewa. Bomba hili lina pete ngumu ili lisijikunje. Linagawanyika mara mbili, kila tawi linatoa vitawi, hadi kwenye vifuko vidogo ambavyo jicho halivioni. Huko damu inapita mlangoni, inatua hewa chafu, inabeba hewa safi, inakwenda zake. Kazi hiyo haina Jumapili.

"Ile hewa chafu ikijaa mu damu," akasema, "mwili unafungua kinywa kwa nguvu. Pumzi haiombaka mutu ruhusa. Na mazuku nayo haiulizaka kama unatoka Masisi."

Nililia, Espoir. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemwona Mama Yuliana, jinsi alivyokuwa bado akimwaga chai siku ya pili kila anapomimina.

Basi sasa tuje kwako, na naomba Mungu anishikie ulimi. Wewe ni mwalimu. Unachora mapafu ubaoni kwa chaki nyekundu, unawapa watoto wa watu mtihani juu ya mapafu, unawakata alama wakisahau kiwambo. Halafu wewe huyo huyo unakwenda kupanga nyumba bondeni kwa kuwa ni rahisi, unatandika godoro sakafuni, unamlaza mtoto wa miezi saba hapo chini kabisa! Clarisse, mke wako, amekuambia mara ngapi kwamba mtoto anaamka mlegevu, hataki kunyonya? Ukamjibu ni meno. Jana nilipokuja nikawasha mshumaa mbele yako. Juu ya meza ukawaka. Nikaushusha sakafuni, ukazimika. Ukasema ni upepo wa chini ya mlango. Nikaziba mlango kwa koti langu, nikawasha tena, ukazimika tena. Ukasema, "Koko," ndivyo mnavyotuita sisi wazee wenu, "iyi mishumaa ya siku hizi haina nguvu." Mishumaa! Nimeishi miaka sabini na mitatu, sijapata kusikia mtu anamlaumu mshumaa.

"Tunalala pale mwezi muzima," ukaniambia, "na hatuyakufa."

Ndiyo, hamjafa. Hata mimi nilisimama mule shimoni nikajiona mzima. Mazuku haiji kila siku kwa kimo kimoja. Leo iko kwenye kifundo cha mguu, kesho iko kwenye goti. Wewe ni mrefu, na siku nyingi unatoka kabla ya jua kwenda Himbi kufundisha. Mtoto ndiye anayebaki pale chini. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hapa mguu siyo wako, ni wa Gloria. Ndiyo maana jana nilimfunga mgongoni nikaondoka naye, Clarisse akanifuata, na majirani wakaniona mzee mwenye wazimu. Wacha waone hivyo. Na lile kundi la maombi lililokuja kumwombea mtoto na kumwaga mafuta mlangoni kwako, nimewaambia wazi: Mungu alishatupa pua na akili, msimwombe aje kupumua badala yetu.

Nenda kamtazame sasa. Tumbo lake linapanda na kushuka, kwa maana watoto wanapumua kwa tumbo kuliko kifua, jambo hilo unalifundisha wewe. Asubuhi hii aliamka akalia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, akanyonya mpaka Clarisse akalalamika. Meno hayo yamepona upesi sana, siyo?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usijenge bondeni na usipange bondeni, hata ukiambiwa na mwenye nyumba kwamba babu yake alizeeka humo. Ukilazimika kulala mahali usipopajua, shusha moto sakafuni kwanza, na ukizimika, toka, usianze kubishana nao. Mtoto alale juu. Makaa usiyawashe chumbani na kufunga dirisha, kwa kuwa moshi wake nao ni muuaji mpole. Ukimwona mwenzako ameanguka shimoni, usimfuate. Tafuta mti, tafuta kamba, piga kelele. Na mkeo akikuambia mtoto amelegea, msikilize kabla ya kufungua kitabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu likivunjika linaungwa, lakini pumzi ikikatika hakuna fundi.

Chumba cha uani kiko wazi. Hameni leo, mkae hapa bure mpaka mpate nyumba ya juu, upande wa Munigi au popote penye upepo. Nimekupigia kelele tangu ulipoingia, na mimi mwenyewe kifua changu kimechoka kwa moshi wa miaka mingi; nikipanda ngazi tatu nakaa. Pumzi zilizonibakia si nyingi, Espoir. Nataka kuzimalizia nikimwita Gloria aje kula, sitaki kuzimalizia nikilia juu ya kaburi dogo.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na mkeo na huyu mtoto. Awape nyumba yenye upepo na usingizi usio na hofu, na aniache niishi hadi nimsikie akiniita Koko kwa mdomo wake. Haya, nyanyuka. Kalete godoro.