Mwonjaji wa Mikate ya Jeju

Kama kuna kazi ambayo Peris hakuifuata Arabuni, ni kuonja mikate ya Wakorea. Lakini ndiyo aliyopewa. Mwaka 2017 madam Huda, bosi wake wa kazi za ndani kule mtaa wa Malaz, Riyadh, alipanga kwenda na watoto kisiwa cha Jeju, Korea, akasikia huko nguruwe ndiye sifa ya kisiwa. Akamgeukia Peris: wewe Mkristo, ladha ya nguruwe unaijua, basi utakuwa unatuonjea.

Masikini Peris! Yeye ni Msabato wa Nyamira, na kwao nguruwe haingii hata uani. Angesema. Lakini wiki ileile mfanyakazi mwenzake Roseline alikuwa amerudishwa ofisini kwa wakala aliyewaleta, kwa kubisha tu. Peris akasema sawa, madam.

Siku nane akaonja. Maandazi ya shayiri yenye maharagwe mekundu, mikate ya machenza, vitu vya kukaanga sijui vya nini. Kila akitazamwa anasema mafi nguruwe, yaani hamna nguruwe, kuleni. Uongo mtupu, naye anajua.

Walirudi kupitia Jeddah kwa mama mkwe wa Huda, Bi Badriya, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa huko utotoni. Huda akamfungulia boksi la mikate ya zawadi, akaenda jikoni kutia chai. Bi Badriya, ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri, akachagua mmoja mnene, wenye nyama ndani. Kwa huyu bibi, aliyemwita mwanangu tangu siku ya kwanza, hapana, Peris alishindwa kudanganya.

“Bibi, usile. Mimi nguruwe sijawahi kula. Sijui ladha yake. Nilidanganya.”

Bi Badriya akaurudisha mkate polepole. Akamuuliza kama dini yake inamruhusu kula nguruwe. Haimruhusu, Peris akajibu, na machozi yakamtoka.

Huda alikuwa mlangoni na birika, amesikia yote; Kiswahili cha mama mkwe wake anakielewa. Peris akajiona tayari yuko ofisini kwa wakala, na begi lake miguuni.

“Huda, kaa kitako,” alisema Bi Badriya. “Huyu ulimuuliza kama anakula nguruwe, au ulimwambia?”

Huda alilitazama boksi, akawatazama wanawe waliokuwa wakicheza zuliani. Akaliweka birika chini.

“Sikumuuliza,” alisema.