Meza Iliyo Karibu na Jalala

Amefariki mama aliyekuwa akiniuzia samaki wakavu wa Pweto, na tangu tumzike sina hamu ya kuandika jambo jingine. Mtanivumilia, wasomaji wangu. Hakuwa mtu wa kutangazwa redioni. Alikuwa kiongozi wa wanawake wa soko letu dogo hapa Lubumbashi. Walimchagua mchana kweupe, kila mmoja akisimama nyuma ya anayemtaka, na mstari wake ukawa mrefu kuliko yote.

Soko lile lina sheria moja ambayo sijaikuta kwingine: anayechaguliwa huhamishia meza yake mahali pabaya kuliko pote, ukingoni mwa jalala. Siku moja ya mvua, maji machafu yakipita chini ya miguu yetu, nilimwuliza kwa nini asirudi langoni, kwenye wateja. Alinicheka. “Baba, banatuchagulaka juu tusikie arufu mbele ya bengine. Nikikaa kule mbali, ni nani atakwenda kupiga makelele ku komine?” Na makelele aliyapiga kweli huko kwenye ofisi ya manispaa, mpaka lori la taka likawa linakuja.

Sisi tuliosoma chuo kikuu pale Kasapa tumebishana miaka na miaka kama demokrasia ni ya wananchi au ya wakubwa. Nimepiga kura kila nilipoitwa. Wote walioniomba kura yangu, walipoipata walihama: kwanza wakaenda mtaa wenye maji na umeme, kisha Kinshasa. Sisemi ni watu wabaya. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi ndio tuliowaondoa kitandani kwa kura zetu. Inaniuma kuliandika hili.

Baada ya mazishi wanawake walikusanyika kumtafuta mwingine. Wawili waliotajwa walikataa, mmoja akisema ana mtoto mchanga, mwingine kwamba anaumwa kifua. Nikaogopa kwamba tumeizika na sheria yenyewe. Ndipo wakajipanga nyuma ya muuza mboga za lengalenga mmoja, mwanamke mkali aliyekuwa akigombana na marehemu karibu kila siku. Alilitazama jalala, akawatazama wenzake, machozi yakamtoka.

“Mulisimama nyuma yangu, sivyo? Basi, muninyanyulie meza.”

Waliibeba wanne. Nami nimeamua. Mgombea atakayebisha mlangoni kwangu sitamwuliza chama chake wala ahadi zake. Nitamwuliza: ukishinda, meza yako utaiweka wapi?