Eda ya Wifi Yangu na Dirisha la Nairobi

Ijumaa moja ya Novemba, watu walitoka kuswali wakamkuta kaka yangu Hamisi mlangoni kwake Vingunguti, amepigwa risasi, amekufa. Alikuwa mkalimani wa askari wa kigeni katika vita vya nchi jirani. Askari hao walipomaliza shughuli zao wakapanda ndege wakaenda kwao. Yeye akarudi nyumbani na sura ambayo kila aliyehojiwa mbele yake aliikumbuka. Ndiyo sababu ya safari yetu: mkewe Zainabu na binti yao Rukia wafike nchi ya wale askari kabla waliomuua hawajawafikia.

Baada ya mazishi niliwahamishia kwangu Chamazi. Zainabu akakaa eda chumba cha nyuma, miezi minne na siku kumi, bila kutoka wala kuonwa na mwanamume wa nje. Siku moja walikuja wanaume wawili, lafudhi zao si za kwetu, wakasema wanataka kumpa mjane pole. Shangazi yetu Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni anachagua mchele.

"Mjane yuko edani. Pole nipeni mie, nitazifikisha."

"Tumetoka mbali, bibi."

"Basi kaeni barazani mnywe maji. Humu ndani haipiti suruali."

Majirani wakaanza kusogea. Wale watu wakaondoka bila kunywa maji.

Eda ilipoisha, Zainabu alioga, akavaa nguo mpya, na alfajiri iliyofuata tukapanda basi la Nairobi, maana ofisi ya ubalozi wao inayopokea maombi ya hifadhi iko huko tu. Tulipofika Korogwe jua lilikuwa juu. Zainabu alifungua pazia likampiga usoni, na nilipotaka kulifunga akanishika mkono.

"Liache, wifi. Jua nimelikosa."

Namanga, mpakani, tuligongewa mihuri, Rukia akisoma kila kibao cha Kiingereza kwa sauti.

Nairobi tulifikia nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kisomali. Alipojua tunakokwenda alituongezea chapati.

"Kuleni mshibe. Pale watu hungojeshwa mpaka wasahau walichokuja kusema."

Asubuhi tukafika kwenye dirisha la ofisi ile. Nyuma ya kioo alikaa afisa, na kando yake mkalimani, kijana wa Mombasa.

"Anauliza," akasema yule kijana, "kama mlikuwa hatarini, mbona mmekaa miezi minne ndipo mkaja?"

"Nilikuwa edani," akajibu Zainabu.

Kijana akatafsiri. Afisa akatikisa kichwa.

"Anasema anayekimbia kifo hasubiri."

Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini hapo nilisogea kwenye kioo. "Mwambie hiyo eda ndiyo iliyomficha. Na mwambie tuliwaandikia wiki ile ile ya mazishi, wakatujibu kaka yangu hakuwa mtumishi wao, alikuwa kibarua wa kutwa. Miaka yote ile, kibarua wa kutwa."

Kijana alitafsiri, kisha akaendelea kusema, maneno mengi kuliko yangu, mpaka afisa akageuka kumtazama.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba mama yangu naye alikaa eda. Samahani, si kazi yangu kusema hivyo."

"Na wewe ukifa, watakuita kibarua?"

Akamtazama afisa. "Na hilo nitafsiri?"

"Tafsiri."

Akatafsiri. Afisa akavuta karatasi. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akatuambia tungoje kuitwa.

Wiki kadhaa baadaye tukaitwa: ruhusa imetoka. Niliwasindikiza uwanja wa ndege, wakapita lango, nikarudi Dar peke yangu na kiti kitupu kando yangu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuwa ulimi wa jeshi zima, na bado jeshi likasema halimjui. Hili sijalisamehe.

Juzi Zainabu alipiga simu. Wamepewa chumba, wana amani, kuna baridi. Walikuwa wamekwenda hospitali, na kwa kuwa yeye hajui lugha, Rukia ndiye aliyemsemea.

"Daktari akamsifu, wifi. Akamwambia akikua atakuwa mkalimani mzuri."

"Nawe ukasemaje?"

"Hakunitafsiria hilo pale pale. Aliniambia tulipofika nyumbani, analia."

Nikaomba Rukia apewe simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kama amekula.