Chinsaga za Kiangazi

Mwanamume wa huku kwetu Nyamira akichuma majani chai na kikapu mgongoni, hakuna anayemcheka. Akiinama nyuma ya jiko kuchuma mboga, kijiji kizima kina la kusema. Nimelijua hilo tangu mke wangu alipoumia nyonga, akashindwa kuinama, nami nikaichukua bustani yake kimyakimya. Nikisikia mtu anapita njiani, naziacha mboga, nashika panga na kujifanya nakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Mtu mzima na mvi zangu, najificha kwenye migomba kama mwizi wa kuku.

Aibu hiyo haikunizuia kuipenda kazi yenyewe. Niliharibu mengi kabla ya kujifunza. Mvua za Machi zikianza, usikimbilie kupanda siku ya kwanza, maana huja na mawe na kuchana kila jani. Inua matuta, chimba mfereji, ngoja udongo utulie. Mbegu za chinsaga, ile mboga yetu chungu, ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na udongo mkavu ndipo uzimwage, la sivyo zitaota zimebanana kama nywele. Tena usitumie mbegu ulizovuna juzi. Hizo hulala tu ardhini. Tumia za msimu uliopita. Julai, baridi ikibana na vidukari wakijaa chini ya majani, nyunyiza majivu asubuhi umande ungalipo. Na ua likichungulia, likate hapo hapo, kwa sababu chinsaga ikishachanua haina haja na wewe tena.

Januari ndiyo fahari yangu. Wenzangu wananunua mboga zilizonyauka sokoni Kebirigo, mimi nachuma. Napanda mvua za mwisho wa mwaka zikiwa karibu kukatika. Napasua mashina ya migomba iliyokwisha kuzaa, nayalaza katikati ya mistari yashike maji. Mbolea ya kuku naifunika kwa majani ya migomba hadi ipoe kabisa na harufu yake iishe, ndipo naitia. Wanawake humsifu mke wangu kwa mboga hizo. "Mama, wewe una mkono," humwambia. Yeye hunitazama, mimi nikatazama ng'ombe.

Mwaka jana mke wa mwanangu alishika mimba. Mwanangu anafanya kazi Nairobi, na nyumba yao iko hapo tu, chini ya shamba letu la chai. Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua lazima ale chinsaga zilizopikwa na maziwa, arudishe damu. Binti yule hakutaka kuomba. Alitaka kujipandia zake. Akaja kumuuliza mke wangu pale jikoni, nami nilikuwa sebuleni, nasikia kila neno.

"Mama, hizi zako unafanyanga aje zisikauke kiangazi?"

Mboga za wakati wa mvua mke wangu anazijua kuliko mimi, lakini hizi za kiangazi nilijifunza mwenyewe, na sikuwahi kumweleza. Alikuwa ameniona nikibeba mbolea kwa gunia. Hakuwahi kuniona nikiingoja ipoe.

"Weka mbolea ya kuku," akasema. "Weka nyingi."

Ningeweza kutoka mlangoni na kusema neno moja. Niliendelea kunywa chai yangu.

Baada ya muda nilipita njiani nikaona miche yake imegeuka njano, kingo za majani zimeungua. Mvua ilikuwa bado ipo. Angeng'oa, akapanda upya, akawahi. Lakini baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, wala hasimami kupiga soga naye. Hiyo ndiyo chinsoni. Neno hilo kwetu hubeba heshima na aibu kwa pamoja, nami nikajiambia kwamba ninachoshika ni heshima. Uongo mtupu. Ningeweza kumpigia mwanangu simu. Ningeweza kumwambia mke wangu, naye angemwambia binti. Sikumwambia, kwa sababu nilijua angenijibu niende nikaseme kazi ile ni ya nani.

Januari mtoto akazaliwa, msichana. Mama yake binti akaja kutoka Ogembo kumwona mjukuu, akapitia kwanza kwa binti yake, kisha wote wakapanda kwetu pamoja na majirani. Tuliketi uani. Mke wangu akaleta ugali na sufuria ya chinsaga. Mgeni alikula, akasifu, akaongezwa. Halafu akamgeukia binti yake.

"Mama mkwe wako ako na mboga na jua hii yote. Wewe nimepita kwako, nimeona mchanga tu. Hata kuuliza hukuuliza?"

Majirani wakaacha kutafuna. Binti aliinamisha kichwa, akatengeneza shuka la mtoto ambalo halikuwa na tatizo lolote. Angeweza kusema kwamba aliuliza, na kwamba alifuata kila alichoambiwa.

"Ni uvivu wangu, mama," akasema.

Mke wangu aliweka sahani yake chini. Safari hii hakunitazama. Nilitamani mtu yeyote aseme chochote, hata kuhusu mvua.

Mama yule akanigeukia mimi, mwenye boma, kwa adabu zote za wakwe.

"Mzee, mtusamehe. Huyu mtoto sikumfunza vizuri."

Wote wakaningoja. Chini ya kucha zangu mlikuwa na udongo wa asubuhi ile ile. Nikakunja vidole.

"Hakuna neno, mama," nikasema. "Tumemsamehe."